Tiki tatu za Shangazi wa vipepeo

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mmoja mfupi amesimama juu ya tuta la mchanga, ameshika kijiti kilichofungwa uzi mwekundu kwenye ncha. Uzi unacheza kidogo, unalala. Unacheza tena, unalala.

"Upepo umetusamehe leo," anasema. "Ila ngojeni jua lipande kidogo. Hawa wadogo wakiwa na baridi hawaruki. Ukiwaamsha mapema wananuna kuliko baba watoto wangu."

Watu kumi na mmoja walioshuka sasa hivi kwenye basi dogo wanacheka. Wana kofia pana, viatu vizito na darubini shingoni. Wengine wana kamera zenye pua ndefu. Wamekuja kutazama vipepeo. Ni majira ya machipuko, nyasi za pwani zimerudi, maua yametoka, na maua yakitoka vipepeo nao wanatoka.

Kila mtu hapa anamwita Shangazi. Ana miaka hamsini na mbili. Kazi yake ni kutembeza watu kwenye matuta ya mchanga, kwenye vichaka vya nyuma ya matuta, mpaka ukingoni mwa kinamasi cha maji ya chumvi. Ana beji ya ofisi ya mji, imebanwa kifuani kwa pini mbili kwa sababu pini moja ililegea zamani. Huu ni mwaka wake wa tisa.

Leo ni safari ya mwisho ya msimu, na Shangazi hajatulia. Mdomo unatania, lakini macho yako chini, kwenye mmea mmoja mdogo unaotambaa, wenye maua ya njano. Anamtafuta kipepeo mmoja. Asipompata leo, ana neno la kuwaambia watu hawa, na neno lenyewe linaweza kumtoa kazini.

Kipepeo huyo anaitwa Kitufe. Wataalamu wana jina lao refu. Shangazi alimpa hilo kwa sababu akifunga mabawa ni mdogo kama kitufe cha shati. Akiyafungua, ni bluu tupu. Hatagi mayai popote ila kwenye ule mmea wa maua ya njano, na mmea wenyewe hauoti popote ila hapa, mchangani.

"Tembeeni jua likiwa usoni," anaamuru. "Kivuli kibaki nyuma. Kivuli chako kikimgusa kipepeo, kwaheri."

"Na sisi wenye matumbo?" anauliza bwana mmoja mnene. Mke wake ni nesi, ndiye aliyemleta. Bwana huyu anasema kila baada ya dakika kumi kwamba yeye alitaka kulala.

"Wewe shemeji kaa nyuma kabisa. Kivuli chako ni cha watu wawili."

"Umeona?" anamwambia mkewe. "Nimelipa ili nitukanwe."

"Na bado," anajibu nesi. "Tembea."

Shangazi hakusomea vipepeo. Hakumaliza hata shule ya msingi. Alikuwa msafishaji kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini, ile yenye vioo vikubwa upande wa bahari. Kazi yake ilikuwa kufuta vioo hivyo, nje na ndani, kila asubuhi.

"Nilikuwa nawakuta wamekufa chini ya dirisha," anasema. "Wanagonga kioo, wanadhani ni njia. Wenzangu walikuwa wanafagia tu. Mimi roho ilikataa. Nikawa nawaweka kwenye maboksi ya kiberiti, nampelekea binti yangu."

Siku moja mgeni, mwalimu mstaafu, aliyaona maboksi yale yamepangwa kwenye toroli la usafi, katikati ya sabuni na taulo. Akauliza ni nini. Shangazi akadhani anafukuzwa kazi. Akafungua moja moja. Alikuwa ametenganisha aina ishirini na tatu, kila aina na boksi lake, na hajui jina hata la mmoja.

"Yule mzee alikaa chini sakafuni. Akaniambia, mama, nani alikufundisha? Nikamwambia, nilifundishwa na vioo."

Mwalimu ndiye aliyempeleka ofisi ya mji. Ofisi ikampa mtihani wa macho na wa miguu, akafaulu yote, akapewa beji.

Wiki kumi za machipuko ndizo zinazolisha nyumba yake miezi saba. Mume wake alikuwa mbeba mizigo, mgongo ukamharibikia, sasa yuko nyumbani. Binti anasomea ufundi wa umeme. Basi linaendeshwa na mdogo wake Shangazi, mwanaume wa miaka arobaini anayeogopa wadudu kama mtoto. Abiria wakishuka, yeye anapandisha vioo vyote na kufunga milango.

Kwa hiyo beji ile ikitoka kifuani, nyumba mbili zinayumba. Hilo analijua, na mdogo wake analijua kuliko yeye.

Sasa sikiliza kazi inavyokwenda. Kila safari ikifika saa sita, kundi linakaa kwenye kivuli cha tangi bovu la maji. Watu wanatoa mikate na mayai ya kuchemsha. Shangazi anatoa fomu ya ofisi. Anasoma jina la kila kipepeo, mmoja baada ya mwingine. Aliyemwona anasema nimemwona, na wapi. Wakiwa watu wawili au zaidi, Shangazi anaweka tiki na kuandika idadi. Akiwa mmoja, haandiki. Mwisho anatia sahihi. Fomu zote zinakwenda ofisini msimu ukiisha.

Fomu ile si mchezo. Ofisi ina sheria yake: kipepeo wa hapa asipoonekana machipuko mawili mfululizo, eneo lake linafungwa. Hakuna kuchimba wala kujenga, mpaka wataalamu waje waangalie kuna nini.

Shangazi alimwona Kitufe kwa macho yake mara ya mwisho miaka minne iliyopita. Walikuwa kumi na saba.

Machipuko yaliyofuata hakumwona. Safari ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, mpaka ikafika ya mwisho. Katika safari hiyo alikuwapo mfamasia mmoja mstaafu, mzee mrefu, mpole, watu wakamzoea haraka wakawa wanamwita Babu. Babu alikuwa na daftari. Vipepeo wote wa pwani hii alishawaona, amebakiza Kitufe tu. Alikuwa amesafiri siku mbili.

"Alikuwa anatembea nyuma yangu kama mtu anayekwenda kuchumbia," anakumbuka Shangazi. "Kila kitu cha bluu, ananishika bega. Shangazi, ndiye? Namwambia siye. Shangazi, ndiye? Siye. Saa sita ilipokaribia, akanishika tena. Nikatazama. Ni bluu wa kawaida, yule wa vichakani, mwenye kamkia kama uzi. Nikamwangalia Babu usoni. Nikasema, ndiye."

Babu akapiga picha. Akavua kofia. Wenzake wakamkumbatia. Kwenye hesabu watu sita wakasema wamemwona Kitufe, kwa sababu Shangazi kasema ni Kitufe. Akaweka tiki.

Angeishia hapo ingekuwa uongo mmoja, tena wa huruma. Hakuishia hapo. Kwenye nafasi ya idadi hakuweza kuandika moja, kwa sababu mwaka wa nyuma waliandika kumi na saba, na ofisi ingeuliza. Akaandika kumi na nne.

Mwaka uliofuata Kitufe hakuonekana tena. Shangazi akaandika kumi na moja. Mwaka jana, tisa.

"Nilikuwa napunguza kidogo kidogo," anasema, bila kupepesa. "Ili ifanane na ukweli. Kuna watu wanadanganya kwa haraka. Mimi nilidanganya kwa mpangilio."

Kwa nini hakusema? Anasema mwaka wa pili alijipa moyo kwamba Kitufe yupo, kajificha tu. Mwaka wa tatu aliona haya. Ukishaweka tiki mbili, anasema, ya tatu inajiweka yenyewe.

Baada ya machipuko ya mwaka jana, matingatinga yakaja.

Mji ulitaka maegesho ya magari ya watu wanaokuja kuogelea. Ukachagua upande mmoja wa matuta, ule tambarare, ule wenye maua ya njano mengi. Shangazi alikwenda kuona. Kwenye uzio walikuwa wamebandika karatasi za kibali, zimefunikwa kwa plastiki mvua isizilowanishe. Akazisoma polepole, kama anavyosoma siku zote, kidole chini ya neno. Ukurasa wa nne ulisema kipepeo anayejulikana kwa eneo hilo "anaonekana kila mwaka na hali yake si ya kutisha." Ukurasa wa tano ulikuwa ushahidi.

Ulikuwa fomu yake. Tisa. Na sahihi yake chini, ile yenye mkia mrefu anaojivunia.

"Nilibaki nimeshika uzio," anasema. "Fundi mmoja akaniuliza, mama unatafuta mtu? Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikaunguza."

Leo upande ule ni lami. Mistari myeupe, nafasi sitini za magari. Ng'ambo ya mtaro wa maji kumebaki kipande kingine, si kikubwa, unaweza kukizunguka kabla sigara haijaisha. Maua ya njano bado yapo pale. Nacho kimewekewa vigingi. Machipuko yakiisha, kinachimbwa.

Ndiyo maana leo macho ya Shangazi yako chini. Anataka kumwona Kitufe hata mmoja. Akimwona, atakuwa na cha kupeleka ofisini. Asipomwona, atabaki na ukweli peke yake.

Na kwenye kundi la leo, Babu yupo. Amerudi. Safari hii ana fimbo, na goti limefungwa bandeji.

"Nimekuja kumsalimia yule mchumba wangu," alimwambia Shangazi asubuhi aliposhuka kwenye basi. "Picha yake nimeitundika sebuleni. Kila mgeni lazima aambiwe."

Shangazi alimjibu, "Karibu Babu." Tangu hapo hajamtazama machoni.

Saa tatu na nusu wanaona weupe wenye ncha za rangi ya chungwa, makundi kwa makundi, wanakunywa maji kwenye matope ya kinamasi. Saa nne wanaona mkubwa mweusi mwenye madoa ya kijani, na shemeji mnene anasahau kwamba alitaka kulala. "Huyo! Huyo! Mke wangu huyo hapo!" Kipepeo anaondoka. Nesi anamwangalia mumewe mpaka bwana anainamisha kichwa.

Saa tano wanavuka mtaro. Shangazi anawapanga watu mstari mmoja, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa jirani. Wanapita kwenye maua ya njano polepole. Wanageuka. Wanapita tena. Kundi zima limenyamaza, kwa sababu yeye amenyamaza. Anapiga magoti, anafunua majani kwa ncha ya kalamu, anatafuta mayai. Anahama mmea, anafunua tena. Suruali imejaa mchanga mpaka mapajani.

Hakuna kitu.

Mdogo wake amesimama barabarani, nje ya gari kwa mara ya kwanza leo. Anamwita pembeni.

"Dada, usiniambie unafanya kile kitu."

"Nafanya."

"Andika saba. Andika sita basi. Nani atakuja kuhesabu?"

"Ndiyo shida yenyewe. Hakuna aliyekuja kuhesabu."

"Na gari nitaliendesha wapi? Nibebe mchanga? Nyumbani kwako mtakula hao vipepeo?"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni."

"Sipigi kelele. Nakuuliza." Anatikisa kichwa. "Kadudu, dada. Kadudu kasikokuwepo."

Shangazi anarudi kwenye tangi, watu wameshaanza kumenya mayai.

Anasoma fomu. Mweupe wa chungwa: watu kumi na mmoja. Mweusi mkubwa: kumi na mmoja, na shemeji anainua mikono yote miwili. Wa kahawia wa nyasini: wanne. Majina yanashuka. Anafika kwenye mstari wa Kitufe, anaweka kidole chini ya jina.

"Tumemwona!" anasema nesi. "Kule kichakani, kabla ya mtaro. Wa bluu. Mimi na Babu. Si ndiyo, Babu?"

"Ndiyo," anasema Babu, uso umechangamka. "Yule yule wa kwangu."

Watu wawili. Sheria imetimia. Kalamu iko mkononi, kisanduku kiko wazi. Ingechukua kufumba na kufumbua.

"Yule ana mkia," anasema Shangazi. "Kitufe hana mkia."

"Lakini ndiye yule niliyempiga picha," anasema Babu.

"Ndiye. Na siye." Anaweka fomu chini, juu ya mchanga. "Babu, nisamehe. Yule aliyeko sebuleni kwako si Kitufe. Nilijua siku ile. Nilikuonea huruma nikasema ndiye."

Kisha anawaambia yote. Kumi na nne, kumi na moja, tisa. Kibali. Ukurasa wa tano. Anasema kwa maneno machache, kama mtu anayetapika na anataka imalizike.

Nesi ndiye wa kwanza kusema. "Kazini kwangu ukiandika mgonjwa anaendelea vizuri na hujamgusa, unajua kinachotokea?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeandika mara tatu."

"Mama nanihii, taratibu," anasema mumewe, na kwa mara ya kwanza hana utani.

"Taratibu nini? Si tumekanyaga lami pale asubuhi?"

Babu anainuka kwa fimbo yake, anakwenda kwenye basi, anaingia, anafunga mlango. Anakaa humo muda wote wa chakula. Dereva anampelekea chai. Inarudi haijaguswa.

Watu wanapopanda gari, Shangazi anasimama mlangoni na kumsubiri Babu aseme chochote, hata tusi. Babu anamwangalia.

"Ungeniambia siku ile kwamba siye," anasema, "ningelala hapa, nikamtafuta kesho yake. Na keshokutwa. Nilikuwa na muda, na miguu ilikuwa mizima. Labda wakati ule alikuwepo bado."

Anageuza uso dirishani.

"Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi," anasema Shangazi baadaye. "Kwa lile sikuwa nimejiandaa."

Jumatatu yake alikuwa ofisi ya mji kabla milango haijafunguliwa. Alikuwa na fomu za msimu huu, zote zenye sifuri kwenye mstari wa Kitufe, na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa na binti yake kwa maneno ya mama. Karani wa mapokezi, kijana mwenye miwani, aliisoma, akairudia.

"Kwa hiyo ulikosea mara tatu, mama?"

"Sikukosea. Andika nilidanganya."

"Nikiandika hivyo beji inabaki hapa."

"Ndiyo nimekuja nayo."

Akaifungua. Pini ya pili ilikuwa imeshika kutu, ikagoma, ikabidi karani azunguke meza amsaidie. Afisa wa mazingira alimwita ndani, akamfokea robo saa nzima. Shangazi anasema alikuwa na haki ya kufoka, ila angeweza pia kuja mchangani hata siku moja katika miaka minne hiyo, na hakuja. Hilo hakumwambia. Alitamani.

Ijumaa ofisi iliandika karatasi fupi. Uchimbaji wa kipande cha ng'ambo ya mtaro umesimamishwa mpaka wataalamu wakichunguze kwa machipuko mawili. Kuhusu lami, karatasi haikusema chochote. Lami imeshamwagwa.

Mdogo wake hakusema naye siku nne. Siku ya tano alikuja kuomba chumvi, na nyumbani kwake chumvi ipo. Sasa anabeba wanafunzi wa chuo. Shangazi amerudi kufuta vioo kwenye ile nyumba ya wageni, siku tano kwa wiki. Mgongo unalalamika, lakini baba watoto anamchekea. Anasema sasa nyumba ina migongo miwili ya kulalamika, hakuna wa kumsikiliza mwenzake.

Siku mbili anazopumzika ana mpango nazo. Ameomba ruhusa kwa wataalamu awe anavuka mtaro nao machipuko yajayo na yatakayofuata, bila beji na bila malipo, apige magoti kwenye maua ya njano na kufunua jani moja moja. Wamemkubalia, kwa sharti moja: haandiki chochote. Wataandika wao.

Sharti hilo lilimuuma. Alilikubali.

Babu hajapiga simu. Shangazi alimtumia ujumbe kumweleza kuhusu machipuko mawili. Umesomwa, haujajibiwa.

Je, anaamini Kitufe bado yupo? Anatundika kitambaa cha kufutia vioo begani.

"Sijui," anasema. "Labda nimechelewa. Lakini angalau sasa kuna watu wanaomtafuta. Miaka mitatu yote hiyo hakuna mtu aliyemtafuta, kwa sababu mimi niliandika kwamba yupo."